Siku Nilipomzika Khalu Lado Akiwa Hai

Afadhali niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkienda mtaa wa Gudele mkaulizia nyumba ya Mama Poni mtaambiwa, "Ah, pale ustaz alipoua mtu kwa miwani," halafu mtapewa habari yenye jeneza la mbao za kweli, na wapo waliokwisha kuongeza kwamba niliruka ukuta nikatoroka (sikuruka, ule ukuta una vipande vya chupa juu yake, na mimi si mtu wa kuruka chochote). Aibu ni yangu, na kwa kuwa imekwisha kuwa mali ya mtaa mzima, naomba angalau niachiwe haki ya kupanga sentensi zake.

Mimi ni Mkenya, mtoto wa Kitale, nafundisha Kiswahili katika shule moja hapa Juba, ndiyo maana naitwa ustaz, na jioni naandika riwaya. Riwaya yangu ya kwanza imesomwa na dada yangu, ambaye anasema ataimaliza akipata nafasi. Poni anafundisha hesabu darasa la jirani. Ukuta kati ya madarasa yetu ni wa mbao nyembamba, na kwa mwaka mzima nilifundisha ngeli huku nikimsikiliza akigawanya sehemu, sauti yake ikipanda na kushuka kama mtu anayefua nguo mtoni na hana haraka, na yeyote anayesema hesabu haina muziki hajawahi kusimama upande wangu wa ule ukuta.

Basi tulipendana, na hapo hapakuwa na mkasa. Mkasa ulikuwa kwa wakubwa. Poni alinieleza wazi: mama yake ananipenda kwa sababu alikaa ukimbizini Kitale miaka mingi na akinisikia nikiongea anakumbuka majirani zake wa kule, lakini mama peke yake hawezi kusema ndiyo. Ndiyo inatoka kwa khalu, yaani kaka wa mama, na khalu wa Poni ni mmoja tu, Lado, dereva wa lori mstaafu aliyekula vumbi la barabara ya Nimule mpaka likamwingia kwenye sauti, sasa anakaa Gumbo ng'ambo ya daraja na kuimba besi katika kwaya. Nilikuwa nimekutana naye mara moja. Aliniuliza nafanya nini, nikasema naandika riwaya. Akanitazama kwa huruma, akauliza, "Na kazi?"

"Zungumza na mama kwanza," Poni akaniambia. "Mwambie unataka kunioa. Yeye atampelekea khalu. Ni sentensi moja tu, Wafula."

Sentensi moja! Mimi ninayeweza kuandika kurasa kumi za mapenzi bila kunyanyua kalamu, kila nilipokaa mbele ya Mama Poni nikitaka kusema ile sentensi moja, nilijikuta nasifia mchuzi.

Ndipo akaingia Opiyo. Opiyo ni rafiki yangu kutoka nyumbani, anashughulikia mambo ya mtandao katika hoteli moja mtaa wa Amarat, na alikuwa amejipatia miwani ya ajabu. Ukiivaa unaona chumba chako kama kilivyo, meza ni meza na friji ni friji, ila filamu inatoka kwenye kioo na kuingia humo humo chumbani: mvua inanyesha juu ya zulia, farasi anasimama karibu na jiko. Ndani yake kuna programu ya akili bandia inayopima kuta na viti vyako ili watu wa filamu wajue pa kukaa, na juu ya hayo, ukiipa picha, inaweza kuwavisha waigizaji nyuso za watu unaowajua. Opiyo alinionyesha filamu moja ya shamba ambamo meneja wake wa hotelini alikuwa mbuzi, na kusema kweli alikuwa mbuzi mzuri.

Wazo langu likaja likiwa limekwisha kuvaa nguo zake zote. Nitamwonyesha Mama Poni filamu ya harusi, ndani ya sebule yake mwenyewe, bibi harusi akiwa na uso wa Poni na bwana harusi akiwa na uso wangu. Mama ataona kwa macho yake kile ambacho ulimi wangu umeshindwa. Moyo wake utalainika, atauliza, "Ustaz, maana yake nini hii?" na mimi nitahitaji tu kuinamisha kichwa. (Mwandishi, mnaona, hata posa yake anataka isomwe.)

Nikatafuta filamu. Nikapata moja ya familia kubwa ya kitajiri, ikaanza kwa harusi ya kupendeza, maua, ngoma, wazee kwenye viti. Nikatazama mpaka keki ikakatwa, nikaona inatosha. Kumbukeni hapo. Sikutazama mpaka mwisho. Programu ikaniuliza kama nataka waigizaji waliobaki wavishwe nyuso za watu wa nyumbani, nikapiga picha ukuta wa Mama Poni wenye fremu zake zote (ya marehemu baba yake Poni niliiruka, kwa heshima, na namshukuru Mungu kwa akili hiyo moja), nikabonyeza *Ndiyo*.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Tulivuta mapazia, jua likabaki kuchungulia kwenye matundu ya misumari ya bati na kuangusha vitone vya mwanga sakafuni. Poni alikwenda dukani kununua soda. Nikamvisha Mama Poni miwani, mimi nikawa nafuata kwenye simu ile ile filamu anayoiona yeye.

"Ya ustaz!" akasema, mikono hewani. "Kuna watu nyumbani kwangu!"

"Ni wageni, mama. Wakaribishe."

Na kweli aliwakaribisha. Aliwasogezea viti, akawaomba radhi kwa zulia kuukuu, akamwambia mama mmoja mnene asikae karibu na friji kwa sababu inavuja. Ngoma zilipoanza akacheza, kitenge chake kikizunguka peke yake katikati ya sebule tupu, na bibi harusi alipoingia akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka barabarani.

"Poni wangu! Nani amemvalisha gauni hili?" Kisha akasogea hatua moja mbele. "Na huyu pembeni yake... si wewe huyu?"

"Anafanana nami, mama."

"Amependeza kukuzidi," akasema, lakini alisema akitabasamu, akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Kumbe mngependeza pamoja."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, taa imewashwa, chakula kiko mezani, nilichotakiwa kufanya ni kuingia. Lakini filamu ilikuwa tamu, nami nikajiambia acha kwanza aone bwana harusi akiwahudumia wazee, ajue nina adabu.

Bwana harusi, yaani mimi, alichukua glasi ya chai. Akaenda taratibu mpaka kwa mzee wa familia, na mzee huyo alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu cha Mama Poni, amevaa uso wa Khalu Lado uliochukuliwa kwenye picha ya kwaya, ile yenye tabasamu la meno yote. Mzee akapokea chai, akainywa, akashika kifua, akaanguka. Bwana harusi akainama juu yake, akageuka kutazama kamera, akacheka. (Sikujua kama uso wangu unaweza kucheka hivyo. Hata sasa nikinyoa ndevu huwa nauangalia kwa wasiwasi.)

Mama Poni aliruka kumdaka kaka yake, akadaka hewa. Na filamu, kama zilivyo filamu, haikungoja mtu apumue: mlango ule ule tulioingilia ukafunguka, wanaume sita wakaingiza jeneza lililo wazi, wakaliweka kwenye zulia kati ya meza na friji, na ndani yake alilala Lado.

Baadaye Mama Poni alinieleza vizuri kuliko ninavyoweza kuandika. "Nilijua ni filamu," alisema. "Macho yalijua, kichwa kilijua. Mdomo ndio haukujua."

Mdomo ulipiga yowe. Yowe refu, lenye jina ndani yake: "Ladoo! Lado wanguu!"

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo mgeni kama mimi nililijua bila kulielewa. Hapa mtu akilia hivyo, hakuna anayeuliza. Kuuliza ni kazi ya kesho. Leo unakuja. Unaacha ulichoshika, unavuka barabara, unaingia, unalia. Msiba wenyewe wanauita bika, na bika haina kadi ya mwaliko.

Wa kwanza alikuwa Maama Nakato, Mganda anayepika chapati nje ya geti. Aliingia na unga mikononi. "Nani? Ni nani?"

"Lado!" Mama Poni akalia, bado na miwani, akinyoosha mikono kuelekea friji.

"Yesu! Mzee Lado!" Maama Nakato akalipokea lile yowe kama mtu anayepokea mtoto, akatoka nalo nje, na nje likapokewa na mwingine, na mwingine. Nilikuwa bado natafuta kitufe cha kuzima wakati sebule ilipojaa. Mama Poni akavua miwani, akaona zulia lake halina kitu, akashtuka, akaanza kusema, "Jamani, ni filamu! Ni filamu tu!"

"Pole, mama," wanawake wakamkumbatia. "Pole. Lia tu. Uchungu unaleta maneno mengi."

"Lado hajafa!"

"Ndiyo, mama. Kwetu sisi hajafa. Yuko kwa Bwana."

Mimi nikatoka uani nikikusudia kusema ukweli. Naapa nilikusudia. Lakini mzee mmoja wa nyumba ya tatu akanisukumia viti vya plastiki vilivyopangana mpaka kidevuni, akasema, "Kijana, pale kivulini," na mimi nililelewa vizuri, mzee akikupa viti unapeleka viti. Niliporudi nikapewa kamba ya turubai. Nikaishika. Vijana walikuwa wamekwisha kupanda juu ya tangi la maji na kufunga ncha nyingine. Mtu akaleta sukari, mtu akaleta majani ya chai, Maama Nakato akabandika sufuria kubwa, na mimi, muuaji, nikawa naulizwa kuni ziko wapi.

Mzee wa kanisa akampigia Khalu Lado simu, labda ajaribu bahati. Simu haipatikani. Akatikisa kichwa akitutazama sote, kana kwamba mtandao umethibitisha.

Wakaanza kumsema marehemu. Mmoja akasema alikuwa mtu wa watu. Mwingine akasema kwaya imepoteza nguzo, ingawa nguzo hiyo ilikuwa ikiimba kwa nguvu kupita paa. Jirani mmoja mwembamba, fundi wa bati, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba marehemu aliondoka na ngazi yake, lakini sasa amemsamehe. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nikijua kila dakika ninayonyamaza inaongeza kiti kingine chini ya lile turubai.

Ndipo Poni akarudi. Aliona turubai nyumbani kwao, aliona watu, akaangusha soda zote getini na kukimbia akiita "Mama!" kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Mama akatokea mlangoni, mzima, akishikiliwa huku na huku. Poni akasimama. Akamtazama mama, akaitazama miwani iliyoning'inia kidoleni mwangu, akalitazama birika. Yeye ni mtu wa hesabu, hakuhitaji muda.

"Wafula," akasema. "Waambie."

"Nitawaambia."

"Sasa."

Nikapanda juu ya kiti. Watu wakanyamaza, wengine wakavua kofia, wakidhani ni zamu yangu ya kumsifu marehemu. "Ndugu zangu," nikaanza kwa Kiarabu changu cha Juba, ambacho hata siku njema kinachechemea, "Khalu Lado..."

Pikipiki ikaingia getini kwa kishindo. Nyuma yake alikaa mwanamume mrefu, joho la kwaya la bluu likipepea, uso umejaa vumbi na machozi, akilia kwa besi iliyotikisa turubai: "Dada yangu! Dada yangu, umeniacha na nani!"

Maama Nakato aliachia trei ya glasi. Viti vilianguka kama mahindi yanayopukuchuliwa. Mzee wa kanisa, aliyekuwa ametoka tu kumwombea pumziko la milele, alirudi nyuma mpaka akakaa ndani ya beseni la vyombo.

Khalu Lado hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa mazoezini na kwaya, simu imezimwa, akapita mtu aliyetoka upande wa pili wa daraja akamwambia kwa dada yako kuna bika, naye akafanya hesabu ya pekee iliyowezekana. Alimwona dada yake mlangoni, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Wewe iko hai?"

"Mimi? Si wewe ndiye umekufa!"

Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakalia tena. Na kabla ya salamu, kabla ya asante Mungu, fundi wa bati alisogea mbele akasema, "Lado. Ngazi."

Kisha wote wakageuka kunitazama. Nilikuwa bado juu ya kiti.

Nikasema yote. Miwani, harusi, nyuso za ukutani, *Ndiyo*. Sikuficha hata mbuzi wa Opiyo. Khalu Lado alisikiliza, akifuta uso kwa mkono wa joho, kisha akanyoosha kiganja.

"Leta hii miwani."

Akakaa kwenye kiti kile kile chekundu, sisi wengine tukajipanga sebuleni, milangoni na madirishani kumtazama mtu akitazama kifo chake. Hatukuona alichoona, tuliona tu uso wake. Alitabasamu kwenye harusi. Alikunja uso kwenye chai. Akanyanyuka ghafla akampiga teke bwana harusi, yaani friji, akashika mguu wake akitukana kwa lugha ya madereva. Halafu akainama juu ya zulia.

"Hii jeneza ni fupi," akasema hatimaye. "Miguu yangu itakaa wapi?"

Mtu akacheka nje ya dirisha, kisha nyumba nzima, na nikajua angalau sitapigwa.

Alitoka uani, akaliangalia turubai, viti, sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka, na watu ambao hakuna aliyekuwa ameondoka. Nilimwona akiwahesabu kwa macho, si kwa idadi bali kwa nyuso, mmoja mmoja, na kitu kikalegea kwenye mabega yake.

"Wote hawa walikuja kwa sababu yangu?" akamuuliza dada yake.

"Na wengine bado wako njiani."

Akasafisha koo. "Kwetu turubai haishuki bila neno. Watu amekuja, lazima wasikie neno. Ya ustaz! Panda kiti yako tena. Tuambie, ulikuwa natafuta nini na hii miwani?"

Nikapanda. Poni alisimama karibu na tangi la maji, mikono kifuani, na hakunisaidia hata kwa jicho, na alifanya vizuri. Nilifikiria kuanza na mto, na daraja, na ukuta wa mbao unaopitisha sauti. Kisha nikaona zile nyuso zote zilizoacha chapati zao na misumari yao na ibada zao kwa ajili ya yowe moja, na nikaona haya kuwachelewesha zaidi.

"Nataka kumuoa Poni," nikasema.

Ilikuwa sentensi moja tu, kama alivyosema.

Mama Poni ndiye aliyepiga vigelegele kwanza, vya pili siku hiyo, na safari hii watu waliokuwa njiani walichanganyikiwa kabisa. Khalu Lado akainua mkono.

"Kalas, inatosha. Mimi bado sijasema ndiyo. Mtu anaua mimi saa nane, saa tisa anataka mtoto yangu?" Akangoja kicheko kipite, maana miaka ya kwaya imemfundisha mahali pa kupumua. "Enda Kitale. Lete watu yako. Wazee yako wakae hapa, mimi nikae pale, waseme na mdomo. Na miwani ibaki Amarat. Sasa, hawa watu wamelia bure. Wape chai."

Nikawapa chai. Wote. Nilizunguka chini ya lile turubai mpaka jua likawa jekundu nyuma ya nguzo za umeme, na kila niliyempa glasi alinitazama, akaitazama chai, akainusa. Maama Nakato aliniambia, "Ustaz, mimi iko nakupenda, lakini kunywa wewe kwanza."

Wazee wangu walikuja, wakasema na mdomo, na mwaka jana tulioana chini ya turubai lile lile, na wengi wa wageni walikuwa wamekwisha kujua mahali pa kufunga kamba. Miwani nilimrudishia Opiyo, na nimeapa kwamba kuanzia sasa filamu zitabaki ndani ya kioo chake na nyuso za jamaa zitabaki kwenye fremu zake, na nikiwa na jambo la kumwambia mtu nitalisema kwa mdomo wangu kabla sijaanza kusifia mchuzi. Hata riwaya ya pili naiandika kwa sentensi fupi.

Khalu Lado ananipenda, nadhani. Anavuka daraja kila Jumapili kuja kula kwetu, anakaa kwenye kiti chekundu ambacho Mama Poni alitupatia kama zawadi ya harusi, ananisimulia habari za barabara ya Nimule. Mimi humletea chai kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Huipokea, husema asante, halafu huisukuma polepole juu ya meza mpaka iwe mbele yangu, na hungoja.

Nanywa kidogo. Ananitazama mpaka nimeze. Kisha anaivuta kwake.